Dada Ataswali Wapi Alasiri?

Wazee wetu wa pwani walisafiri kwa sababu. Mtu alikwenda Makka kuhiji, India kutibiwa, Maskati kuwaona jamaa, Dubai kuchukua bidhaa, na baadaye Guangzhou kujaza kontena. Kwenda mahali kutembea tu, kupiga picha, kunywa kahawa na kurudi, kulihesabiwa israfu, na aliyefanya hivyo hakujitangaza. Watoto wao wana fikra nyingine. Kijana wa Kariakoo, Kisauni au Michenzani aliyepata kazi na akiba kidogo anazungumzia Istanbul, Kuala Lumpur na Seoul kwa majina ya mitaa. Anajua treni ya kutoka uwanja wa ndege inaishia wapi, na duka gani la keki lina foleni. Fungate siku hizi haliishii Bagamoyo wala Diani.

Na kijana huyo anaswali. Hapo ndipo biashara nzima ya utalii ilipogeuka, kwa sababu wenye miji waligundua kwamba kuna mtalii mwenye simu nzuri, mwenye hamu ya kila kitu kipya, ambaye jioni haendi baa na mchana hapotezi swala. Mwaka 2008 huko Singapore Fazal Bahardeen alianzisha CrescentRating, kampuni ya kupima hoteli na nchi kwa macho ya msafiri Mwislamu. Tangu 2015 kampuni hiyo na Mastercard hutoa orodha ya kila mwaka, na Malaysia imekuwa ikishika kilele peke yake au ikigawana na Indonesia. Hilo halishangazi. La kutazamwa ni orodha ya pili, ya nchi zisizo za Kiislamu, ambako Singapore, Taiwan na wenzao wanashindania nafasi kwa bidii ambayo sisi hatujawahi kuionyesha. Sababu yao ni ya fedha na haifichwi: Indonesia ina Waislamu zaidi ya milioni 200, Malaysia iko jirani, na vijana wa nchi hizo wana hamu ya theluji, mitindo na muziki wa Asia Mashariki. Japani ilipowaondolea Wamalaysia viza ya matembezi mafupi mwaka 2013, vyumba vya kuswalia vikafuata katika viwanja vya ndege, vituo vya treni na maduka makubwa.

Niichukue Seoul, maana ni mji ambao ungetarajia uwe mgumu kuliko yote. Mlo unaojulikana zaidi huko, ule unaochomwa mezani mbele yako, ni minofu ya tumbo la nguruwe. Soju, pombe yao, ipo kila duka la kona. Waislamu wenyeji ni wachache sana, na dini yenyewe ilipata mizizi kwa kiasi kikubwa kupitia wanajeshi wa Kituruki waliokuja katika vita vya 1950 hadi 1953. Msikiti Mkuu wa Seoul ulifunguliwa mwaka 1976 juu ya kilima cha Itaewon, kwenye ardhi iliyotolewa na serikali ya Park Chung-hee, kwa fedha za Saudi Arabia na nchi nyingine za Kiislamu. Wakati huo Korea Kusini ilikuwa na makampuni yanayojenga barabara Ghuba, na ilihitaji mafuta. Ukarimu na hesabu vilikwenda pamoja.

Leo kilima hicho ni funzo kwa yeyote anayeutafakari utalii. Unapanda mtaa wenye baa na vilabu vya usiku, kisha ghafla unaanza kuona nyama iliyochinjwa, mchele wa Basmati, mawakala wa tiketi, mkate wa Kituruki, halafu mlango mkubwa wenye maandishi ya Kiarabu juu yake na minara miwili. Hakuna ukuta baina ya dunia hizo mbili. Msichana wa Jakarta anatoka kuswali Adhuhuri, anashuka kilima, anapanda treni, na baada ya muda mfupi yuko Gyeongbokgung amekodi vazi la jadi la Kikorea, hijabu imeoanishwa na rangi ya sketi, anaingia ikulu ya zamani bure kwa sababu mwenye kuvaa vazi hilo halipi kiingilio. Picha hizo zimezagaa mtandaoni. Binafsi ninaziona kuwa hoja kamili kuhusu utalii wa vijana wetu: hakutaka mji wa pembeni wa Waislamu, wenye geti lake na mabwawa yake. Alitaka Seoul ileile wanayoitaka wenzake wote.

Na mji huo ulimsaidia wapi? Kwenye chungu, kwanza. Shirika la Utalii la Korea halikubandika neno halali kila mahali likaondoka. Liligawa migahawa kwa namna zinazoeleweka: ule wenye cheti kutoka taasisi ya Waislamu, ule ambao mwenyewe ni Mwislamu na anajidhamini, ule wenye baadhi ya vyakula halali lakini unauza pia pombe, na ule ambao kwa uchache hautumii nguruwe. Hilo la mwisho si halali kwa kipimo cha wengi wetu, na orodha haidai kuwa ni halali. Inakwambia kilichomo, uamuzi unabaki kwako na fatwa ya sheikh wako. Huo ndio uaminifu ninaoutaka. Mgahawa ukiniambia kwamba sosi yake ina mirin, yaani mvinyo wa mchele wa kupikia, na kwamba kikaango ni kilekile kilichokaangia nyama nyingine, umeniheshimu kuliko ule wenye mwezi na nyota mlangoni na mpishi asiyejua nyama imetoka wapi.

Hapa fiqhi inaingia, na vijana wetu wanaijua kuliko tunavyodhani. Pwani ya Waswahili ni Shafi, na Malaysia na Indonesia pia ni Shafi. Ndiyo maana mwongozo wa safari ulioandikwa na kijana wa Kuala Lumpur unamfaa kijana wa Tanga karibu neno kwa neno. Mhanafi kutoka Lahore akifika soko la samaki la Seoul anasita mbele ya pweza na ngisi, maana katika madhehebu yake cha baharini kinacholiwa ni samaki. Mtu wa Forodhani anamsalimia pweza kama jamaa. Kinachobaki kuuliza ni sosi tu. Wali, mwani, samaki wa kuchoma, mboga, mayai: nusu ya meza ya Kikorea iko wazi kwetu, mradi mtu ajifunze kuuliza kuhusu pombe ya kupikia na mafuta. Ashike pia neno moja, dwaeji, yaani nguruwe, alitambue kwa sikio na kwa maandishi. Mandu, maandazi yao ya nyama, huwa na nguruwe mara nyingi, na kwa sura hayatofautiani na yale ya mboga.

Swala ni ngumu zaidi ya chakula, na wanaouza safari hizi mara nyingi wanalipita jambo hili juujuu. Watu husema, "Msafiri ana rukhsa, atakusuru, yaani apunguze rakaa, na kujumuisha swala mbili kwa wakati mmoja, tatizo liko wapi?" Tatizo ni kwamba safari ya mjini ya siku hizi haiendani na rukhsa hiyo. Kwa Shafi, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, anahesabiwa mkaazi tangu anapofika. Kijana aliyekata tiketi ya wiki moja Seoul hana tena ya kupunguza wala ya kujumuisha anapotua. Wapo wanavyuoni wanaolegeza, na kila mtu na anayemfuata, lakini wengi wa vijana ninaowajua wanaswali kila swala kwa wakati wake. Ongeza na jiografia. Sisi tunaokaa karibu na ikweta tumezoea Magharibi inayosogea kidogo tu mwaka mzima. Seoul mwezi Desemba, Adhuhuri inaingia kama saa sita na nusu, Alasiri kabla ya saa tisa, na jua linazama saa kumi na moja na robo. Swala tatu ndani ya saa tano, zote katikati ya muda wa kutembea. Mwezi Juni mambo yanageuka: Alfajiri inaadhiniwa usiku wa manane kwa mazoea yetu, na Isha inakaribia saa nne usiku. Mtalii huyu hawezi kusema nitaswali nikirudi hotelini. Anahitaji mahali, alipo, sasa hivi.

Ndiyo maana chumba cha kuswalia katika uwanja wa Incheon, au kile cha kisiwa cha Nami ambako watu huenda kutazama miti, kina thamani kuliko hoteli ya nyota tano yenye mswala ndani ya droo.

Lakini nisije nikaichora Korea kuwa pepo. Mwaka 2020 Waislamu wa mji wa Daegu, wengi wao wanafunzi wa kigeni wa chuo kikuu kilicho jirani, walipata kibali cha kujenga msikiti mahali walipokuwa wakiswalia tayari. Majirani wakapinga, na mapema 2021 mamlaka ya wilaya ikasimamisha ujenzi. Mahakama ya Juu kabisa ya nchi ikawapa haki Waislamu mwaka 2022. Jibu la wapinzani likawa vichwa vya nguruwe mbele ya kiwanja, na karamu za kuchoma nguruwe mtaani. Nchi hiyohiyo, miaka hiyohiyo iliyokuwa ikichapisha vitabu vya migahawa kwa ajili ya watalii wa Kiislamu. Mgeni mwenye kadi ya benki anakaribishwa kwa chumba chenye zulia. Mwanafunzi mwenye imani ileile, anayetaka kubaki, anawekewa kichwa cha mnyama. Sisemi vijana wasiende. Ninasema wakifika waulizie pia Waislamu wanaoishi pale, wale kwenye mkahawa wa familia, waswali nao Ijumaa, waache fedha kwao. Orodha za utalii hupima kama mgeni ameridhika. Hazipimi kama jirani Mwislamu analala kwa amani.

Ulaya nako hali ni ya namna nyingi. London, tangu 2023, huwasha taa za Ramadhani katikati kabisa ya mji, karibu na Piccadilly Circus, na mtaani Whitechapel kijana hatafuti chakula, chakula kinamtafuta. Vuka mlango wa bahari uingie Ufaransa. Mwaka 2016 miji kadhaa ya pwani ya Ufaransa, Cannes ikiwemo, ilipiga marufuku vazi la kuogelea linalofunika mwili, mpaka Baraza la Dola, mahakama yao ya juu ya mambo ya utawala, liliposimamisha katazo la mji wa Villeneuve-Loubet na kuweka wazi kwamba meya hana mamlaka hayo bila hatari ya kweli kwa usalama wa watu. Msichana anayepanga likizo huyakumbuka mambo haya. Anafanya hesabu.

Na anayefanya hesabu, mara nyingi, ni msichana. Katika kundi la marafiki, dada ndiye anayetafuta hoteli na kusoma maoni ya waliotangulia. Katika ndoa changa, mke ndiye anayejua ratiba. Mjadala wa mahram, yaani mume au ndugu wa kiume wa kufuatana na mwanamke safarini, ninaujua na sitaumaliza hapa. Wengine husafiri na mume, na kaka, na mama, wengine na wenzao, na kila nyumba ina msimamo wake. Vyovyote iwavyo, wanawake wako njiani, na mji unaowasahau umepoteza kundi zima.

Kuala Lumpur imelielewa jambo hili kuliko mji wowote ninaoufahamu. Mtanzania au Mkenya haombi viza kwa matembezi mafupi, na hilo peke yake linaeleza kwa nini vijana wetu wengi huanzia huko, mbali na wale waliokwenda kusoma. Ingia duka kubwa la chini ya minara ya Petronas. Utafuata alama ya surau, kama wanavyoviita vyumba vyao vya kuswalia, na milango ni miwili, wa wanaume na wa wanawake, ukubwa unaokaribiana. Upande wa wanawake kuna rafu ya viatu, mabomba ya chini yenye kigoda cha kukalia ili mtu aoshe miguu bila kurukaruka kwenye sinki, kioo kirefu cha kufungia ushungi tena, ndoano za kutundikia mikoba, na nguo za kuswalia zimening'inizwa kwenye hanga kwa ajili ya yeyote aliyekuja na suruali. Anaingia, anatawadha, anaswali, anatoka, anaendelea na shopping yake. Robo saa. Hakuna aliyemtazama, hakuna aliyemuuliza ametoka wapi. Chumbani hotelini, mshale wa kibla uko darini.

Hata huko chungu kina mitihani yake. Mtaa wa Jalan Alor, maarufu kwa chakula cha usiku, ni wa vyakula vya Kichina, na nguruwe yumo kwa wingi. Mgeni anayedhani nchi ya Kiislamu haina haja ya kuuliza atajuta. Wamalaysia wenyewe hutafuta nembo ya halali ya JAKIM, idara ya serikali, na wakiikosa wanakwenda Kampung Baru kula nasi lemak kwa Wamalay.

Sasa nirudi kwetu, maana hapa ndipo ninapoumia. Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki saba mwaka 2024, wengi wao kutoka Ulaya. Mji Mkongwe uko katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Adhana inasikika ukiwa barazani, ukiwa sokoni Darajani, ukiwa kwenye boti kabla haijatia nanga. Chakula karibu chote cha mitaani ni halali bila cheti. Ukitafuta burudani ya usiku isiyo na pombe, ile ambayo Seoul imeijenga kwa mikahawa ya kahawa katika viwanda vya zamani vya mtaa wa Seongsu, sisi tunayo tangu enzi: Forodhani, urojo, mishkaki, juisi ya miwa, watoto wanaruka baharini. Kijana wa Kiislamu kutoka popote angepaswa kujiona amefika nyumbani.

Mfikirie sasa dada kutoka Dar aliyekuja kwa boti sikukuu ya Idi. Ni saa kumi jioni, yuko uchochoroni, amepita misikiti minne. Ataswali wapi Alasiri? Misikiti mingi ya zamani ya Mji Mkongwe, na ya Mji wa Kale Mombasa vilevile, ilijengwa bila sehemu ya wanawake. Wapo wenye chumba cha nyuma kilichofungwa kufuli hadi Ramadhani. Kwa hiyo atarudi alikofikia, au ataomba ruhusa kwenye nyumba ya mtu asiyemjua, na Wazanzibari kwa wema wao watamfungulia. Lakini wema wa bibi mmoja wa Shangani si mpango wa mji. Msichana huyu Kuala Lumpur ameswali dukani, na Itaewon, jirani na baa, ameswali msikitini. Katika mji ambao wakaazi wake karibu wote ni Waislamu, mji wa wanazuoni waliosomesha Afrika Mashariki nzima, anaswali kitandani.

Na bwawa la kuogelea. Nimeshuhudia katika hoteli moja ya pwani yetu wasichana wawili waliovaa vazi kamili la kuogelea, lenye kofia yake, wakiambiwa na mhudumu kwamba nguo hizo haziruhusiwi majini. Mhudumu mwenyewe alikuwa amevaa ushungi. Alikuwa anatekeleza agizo la kazini, na uso wake ulionyesha kwamba halipendi. Hatukuhitaji Cannes itufundishe hilo.

Najua jibu la wenye hoteli: mteja wao ni Mwitaliano, Mjerumani, Mfaransa, na biashara haifuati hisia. Ninakubali kwamba biashara haifuati hisia. Basi itazame hesabu. Seoul na Tokyo hazikuwawekea Waislamu vyumba vya kuswalia kwa mapenzi ya dini. Ziliona nani anapanda ndege. Vijana wa Kiislamu wa Dar, Nairobi, Kampala na Bujumbura, wajukuu wa Zanzibar na Mombasa waliozaliwa Maskati, London na Toronto, hao wote wana sababu ya kuja pwani hii na wengi wana lugha yake. Leo wanakuja kuwasalimia jamaa, wanalala kwa shangazi, halafu likizo ya kweli wanaipeleka Istanbul. Fedha inatoka nyumbani inakwenda kulipia kahawa ya Bosphorus. Siilaumu Istanbul, vyaelea vimeundwa.

Wengine watasema kwamba msikiti si wa watalii, na mambo ya sehemu ya wanawake yana adabu zake. Ni kweli yana adabu, na adabu hizo zinatimizwa kwa mlango wa pembeni, pazia na bomba, kama zinavyotimizwa katika misikiti mipya ya Dar es Salaam na Unguja ambayo tayari imeweka ghorofa au ubavu wa wanawake. Lililosalia ni kwenye mitaa ambako wageni hutembea, na huko ndiko penye majumba ya wakfu mengi, mengine vyumba vyake vya chini ni maduka ya vinyago. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ingetenga vyumba viwili tu, kimoja upande wa Darajani na kimoja karibu na Forodhani. Zulia, mabomba ya chini yenye kigoda, ndoano za mikoba, kanga na shungi safi zinazofuliwa kila siku. Kibao cha Kiswahili na Kiarabu nje, kionekane kutoka njiani. Hoteli ziandike wazi kwenye mitandao yao mambo matatu ambayo dada huyu huyatafuta kabla hajalipa: bwawa linaruhusu mavazi gani na saa zipi ni za wanawake, jiko linapika nini kwenye sufuria ipi, na chumba cha kuswalia cha karibu kiko hatua ngapi. Mombasa wafanye vivyo hivyo pembeni mwa Mama Ngina, ambako tangu bustani ile ifunguliwe upya mwaka 2019 familia nzima hukaa mpaka baada ya Magharibi. Na ufunguo wa vyumba hivyo ashike mwanamke, afungue tangu Adhuhuri hadi Isha, mwaka mzima, si Ramadhani peke yake.